Kumsikiliza Mgonjwa wa Maradhi Yasiyoonekana

Tumeletewa suala katika darasa letu na dada mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja. Ana miaka kadha na maradhi yaitwayo lupasi. Asema kwamba kila ajaye kumtazama humwamrisha subira, na akithubutu kutamka kuwa viungo vyamuuma huambiwa kwamba kulalamika kwafuta thawabu za mgonjwa. Basi amefunga mdomo. Akiulizwa hali hujibu "alhamdulillahi", na usiku hulia peke yake. Auliza: je, mwenye kusema maumivu yake amekosa subira?

Kabla ya hukumu, yatupasa tuyajue maradhi yenyewe, kwani wengi wetu twaenda kutazama mgonjwa wa namna hii wala hatujui twatazama nini.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili kuwa na askari wake ndani ya damu, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu viingiavyo. Katika maradhi haya askari hao humkosa adui wakamgeukia mwenyeji. Wakishambulia viungo, hutokea ile baridi yabisi ambayo mgonjwa huamka vidole vimekakamaa, na huenda ikapita saa nzima kabla hajaweza kufunga kifungo cha nguo yake. Wakishambulia kongosho, ndiyo ile aina ya kwanza ya kisukari, iwapatayo khasa watoto na vijana. Ama lupasi, hiyo haichagui: ngozi, viungo, damu, mapafu, na hata figo. Katika kila wagonjwa kumi wa lupasi, kiasi cha tisa ni wanawake, na wengi wao huanza kuugua baina ya miaka 15 na 44, yaani umri wa kuolewa, kuzaa na kulea. Wataalamu wenyewe kwa muda mrefu waliona ni muhali mwili kujipiga. Hata ilipofika mwaka 1956 ndipo jambo hili lilipothibitika katika maradhi ya tezi la shingo.

Maradhi haya hayaambukizi. Twalisema hili kwa uwazi kwa kuwa wako watu ambao wakisikia tu neno "kinga ya mwili" hudhani ni UKIMWI, wakaanza kunong'onezana na kutenga vikombe. UKIMWI ni kinga kudhoofishwa na kirusi. Haya ni kinga kumkosea mwenyewe. Ni vitu viwili mbalimbali. Na lau ingekuwa ni UKIMWI pia, kikombe hakiuambukizi, wala kumtenga mgonjwa hakujuzu.

Sasa tazameni jinsi maradhi haya yanavyomfanya mgonjwa aonekane mwongo. Leo hawezi kuinua sufuria, kesho kutwa yuko sokoni, basi watu husema: mbona ni mzima huyu? Huchoka uchovu usioondoka kwa usingizi, akaitwa mvivu. Jua huyachochea maradhi, naye akaa pwani. Akikataa kwenda harusini mchana huambiwa ana maringo. Na akipewa dawa za jamii ya kotisoni, ambazo zilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa viungo mwaka 1948, uso wake hujaa ukawa mviringo. Hapo mgeni huingia akasema, "Mashaallah, umenenepa, raha imekukubali!" Mwenye kusema hivi amekusudia kheri, lakini amemfungia mgonjwa mlango wa maneno.

Tuje kwenye suala. Wenye kuwakataza wagonjwa kusema hushika kisa cha Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye katika Surat Yusuf, aya ya 86, alisema kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu tu. Kisa ni kweli, ila kufahamu kwao kuna kasoro. Nabii Ayyub (A.S.) aliitaja dhara iliyompata, kama ilivyo katika Surat Al-Anbiya, aya ya 83, na pamoja na hayo Mola wake amemsifu kwa subira katika Surat Sad. Na wakisema kwamba hayo yalikuwa baina yake na Mola wake tu, twawaambia: Nabii Musa (A.S.) alimwambia kijana aliyefuatana naye kuwa safari imewachosha, na Mwenyezi Mungu amelihifadhi neno hilo katika Surat Al-Kahf, aya ya 62, pasina kulilaumu. Na Mtume wetu (S.A.W.) je? Bibi Aisha (R.A.) alipolalamika kwamba kichwa chamuuma, Mtume hakumkemea, bali alimjibu kuwa yeye naye kichwa chake chamuuma. Na alipokuwa na homa kali, Ibn Masud (R.A.) aliingia akamgusa kwa mkono, akasema kuwa homa hii ni kali mno, Mtume akakubali, akamweleza kwamba yeye huugua kwa kiasi cha watu wawili. Hadithi zote mbili zimo katika Sahihi ya Bukhari. Basi ni nani leo mwenye subira kuliko Mtume, hata amkataze mwanamke kusema magoti yamuuma?

Lililokatazwa ni kumchukia Mwenyezi Mungu na kuikasirikia kadari yake. Ama kumweleza tabibu, mume, mama au rafiki yale yanayokupata, hilo ni halali, na dada yetu hana dhambi kwalo.

Yakiwa kusema ni halali, yabaki wajibu wa anayesikia. Kumtazama mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe, na hili kila mmoja wetu alijua tangu chuoni. Lakini sisi tumeligeuza likawa ni kwenda kuonekana: watu wanane waingia kwa pamoja, wazungumza habari za mtaa, mmoja asimulia jirani aliyekufa kwa maradhi hayo hayo, mwengine ataja dawa ya miti, kisha hupigwa fatiha wakaondoka. Mgonjwa hakupata kusema maneno kumi. Bibi Khawla bint Thaalaba (R.A.) alipokuja kumjadili Mtume (S.A.W.) kwa yaliyomfika na mumewe, alisema akarudia, naye akamsikiliza, na Bibi Aisha aliyekuwa nyumba moja nao ameeleza kuwa maneno mengine hakuyasikia, lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia yote, ikateremka Surat Al-Mujadila. Huyo ni mwanamke aliyerudia shitaka lake, wala hapana aliyemwambia kwamba amekwisha sikiwa, anyamaze.

Basi nenda peke yako au wawili. Usiulize "hujambo?" kwa namna inayotaka jibu moja tu, uliza jana alilala vipi, na mikono yake leo ikoje. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimkatize kwa mawaidha. Usimwambie kwamba wajua anavyohisi, kwani hujui. Na kabla ya kuondoka muulize kazi moja ambayo ungeweza kumfanyia, kuteka maji au kumpeleka mtoto chuoni, kisha uifanye. Atakayokwambia ni amana, hata asipokuusia. Imepokewa kwamba mtu akisema neno huku akigeuka kutazama nyuma yake, neno hilo ni amana.

Wala kusikiliza si badala ya dawa. Akikwambia kwamba miguu imevimba, au mkojo una povu, au kifua chamchoma akivuta pumzi, usimpe pole tu. Mpelekeni hospitali siku hiyo, kwani huenda figo au mapafu yameingiliwa. Na wako waganga wanaomwambia mgonjwa wa lupasi kuwa ana pepo, wakamtoza fedha za ubani na mbuzi, na kumwamuru aache dawa za hospitali. Dawa za kotisoni zikiachwa ghafula zaweza kumwangusha mtu hata akafa. Mwenye kuamrisha hivyo ataulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu juu ya nafsi hiyo.

Neno letu kubwa zaidi ni kwa waume. Jirani huja mara moja kwa wiki. Wewe u naye kila usiku. Mama yako akisema kwamba mkeo ni mvivu, ni juu yako kumfahamisha, kwa adabu, maradhi yalivyo. Na siku ya kwenda kwa daktari fuatana naye, usikie kwa masikio yako.

Na kwa kuwa wagonjwa hawa wengi huona haya kula mchana wa Ramadhani, wakafunga kwa siri dhidi ya amri ya tabibu, twakumbusha kwamba ruhusa ya mgonjwa imo katika Surat Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Anayetarajia kupata nafuu atalipa siku zake. Asiyetarajia, katika madhehebu yetu ya Shafi, atatoa mudd moja ya chakula kwa kila siku. Yupi kati ya hao wawili ndiye yeye, na dawa zake azinywe saa ngapi, ayazungumze na daktari wake tangu mwezi wa Shaabani, si siku ya tatu ya funga akiwa amekwisha anguka.