Kauli Hujibiwa kwa Hoja

Ndugu Waislamu, twaulizwa: je, wenye itikadi kali waachiwe kusema na kukutana?

Makhawariji walipompinga Sayyidna Ali (R.A.) hadharani katika msikiti wa Kufa, aliwapa haki tatu: hawatazuiliwa misikiti, hawatanyimwa fungu lao la fai maadamu wako pamoja na Waislamu, wala hawatapigwa vita mpaka waanze wao. Ibn Abbas akaenda kujadiliana nao, na wengi wakarejea. Waliobaki walipomwaga damu ya Abdallah bin Khabbab, ndipo vikaja vita vya Nahrawan, mwaka 38 Hijria.

Mwaka 1969, katika kesi ya Brandenburg, kiongozi wa Ku Klux Klan, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa maneno hayaadhibiwi ila yakikusudia kuchochea uhalifu wa papo hapo, na yakielekea kuuleta. Katiba ya Kenya ya 2010 imekaza zaidi: kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa fujo wala maneno ya chuki, na cha 37 chataka mikutano ya amani, bila silaha.

Basi tupambanue baina ya ulimi na mkono. Kijana tukimfukuza darasani kwa kauli yake, ataisema kichochoroni, pasipo mwanachuoni wa kumjibu. Wallahu aalam.