Shimo Lisilofukiwa Ni Nyumba ya Mbu



Ukipanda kutoka Baraka kwenda Fizi, au ukienda kusini mpaka kwenye mashimo ya dhahabu ya Misisi, utaona jambo moja kila baada ya mvua: pale mtu alipochimba, maji yamesimama. Tunasema mbu wanatoka ziwani. Lakini ziwa lina mawimbi, na mbu wa malaria hapendi maji yanayotikisika. Mara nyingi tunaowafuga mbu ni sisi wenyewe.

Mbu huyo anazaliwa wapi?

Anapenda maji madogo yaliyotulia na kupigwa na jua: alama za magurudumu ya kamyo, shimo lililotolewa udongo wa barabara, msingi wa nyumba uliosahauliwa. Kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa ni kama siku 7 hadi 14. Chota maji ya pembeni kwa kopo jeupe. Ukiona vijidudu vimelala sawasawa na uso wa maji, hao ni watoto wa mbu wa malaria. Watoto wa mbu wengine huning'inia kichwa chini.

Wenzetu wa Luanshya walifanya nini?

Mwaka 1929, kampani ya Roan Antelope ilikuwa ikijenga mgodi wa shaba huko Luanshya, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Malaria iliwaua wengi, hata watu wakaogopa kwenda kufanya kazi huko. Kampani ikawaita wataalamu wa Taasisi ya Ross ya London, pamoja na muganga Malcolm Watson. Dawa ya DDT ilikuwa haijaanza kutumiwa. Walikata majani kando ya mto, wakanyoosha mkondo wake, wakakausha mabwawa, wakaweka wavu madirishani na kuwapa wagonjwa kwinini. Katika migodi ya shaba ya sehemu ile, ndani ya miaka 3 hadi 5, ugonjwa na vifo vya malaria vilipungua kwa 70 hadi 95 kwa mia. Walimwaga pia mafuta juu ya maji. Sisi tusifanye hivyo, kwa maana mafuta yataharibu visima, mito na samaki wetu.

Na sisi tufanye nini?

1. Chagueni siku moja ya kila juma ya kuzunguka kazini na kambini. Mbu anahitaji siku 7 au zaidi. Ukimfikia kila juma, hataruka.

2. Shimo ambalo kazi yake imekwisha lifukiwe. Kama haliwezi kufukiwa, lichimbiwe mfereji maji yatoke. Mwambie mkubwa wa kazi kabla katapila haijahamishwa.

3. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, wewe na watoto wote. Mama mwenye mimba asikose. Chandarua si wavu wa kuvulia ndagala.

4. Wewe wa zamu ya usiku, chandarua hakikufikii kazini. Vaa mikono mirefu na suruali ndefu, na ujipake dawa ya kufukuza mbu.

5. Ukipata homa, nenda kupimwa siku ileile. Ikiwa ni malaria, maliza dawa yote hata ukijisikia mzima. Mtoto mwenye homa asingoje asubuhi ya pili: malaria inaweza kumuua mtoto mdogo katika muda wa siku moja au mbili.

Ndugu, mbu aliyezaliwa katika shimo lako hachagui nyumba ya kuingia. Leo atamuuma mtoto wa jirani, kesho wako. Basi tusiseme kazi ya kuchimba imekwisha siku tulipopata udongo tuliotaka. Imekwisha siku shimo limefukiwa.