Kakao Katika Mchuzi

Mkoa wa Mbeya hutoa mpunga na pia hutoa kakao. Mpunga wa Madibira, wilayani Mbarali, hulimwa katika bonde la Usangu ambako mvua ni haba, na mashamba hunyweshwa kwa maji ya mto Ndembera. Kakao hulimwa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mahali penye joto na unyevu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Gari litokalo Kyela kupitia Tukuyu, Uyole na Rujewa hufika Madibira bila kuvuka mpaka wa mkoa. Pamoja na ukaribu huo, ni nadra mazao haya mawili kukutana katika sahani moja.

Sababu yake si vigumu kuitambua. Kakao huondoka Kyela ikiwa mbegu kavu ndani ya magunia, huuzwa katika minada ya vyama vya ushirika, husafirishwa ng'ambo, na sehemu ndogo yake hurudi madukani ikiwa chokoleti. Kipande cha chokoleti ya maziwa huwa na sukari karibu nusu ya uzito wake. Basi watu wengi, hata baadhi ya wale wanaoilima, huijua kakao kama kitu kitamu cha watoto, na mtu akiambiwa kwamba inaweza kuungwa katika mchuzi wa kuku au wa maharage hudhani ni mzaha.

Mbegu ya kakao si tamu hata kidogo. Ni chungu na kali, na nusu ya uzito wa kiini chake ni mafuta. Uchungu huo hutokana na teobromini, ambayo ni ndugu wa kafeini iliyomo katika kahawa na chai, na pia na polifenoli, yaani zile kemikali ambazo hukausha ulimi mtu anapotafuna ndizi mbichi. Mabaki ya kakao yaliyopatikana katika vyombo vya kale nchini Ekwado yana umri wa miaka ipatayo 5,300. Waazteki wa Meksiko waliinywa ikiwa imechanganywa na pilipili. Sukari ilitiwa baada ya Wahispania kuingia katika nchi hizo katika karne ya 16. Kwa hiyo anayeishangaa kakao yenye chumvi na pilipili anashangaa desturi iliyo ya kale kuliko chokoleti ya dukani.

Mfano ujulikanao zaidi wa chakula cha namna hii ni mole ya Meksiko, hasa ile ya mji wa Puebla. Neno lenyewe limetokana na lugha ya Kinahuatl, na maana yake ni mchuzi tu. Husimuliwa kwamba masista wa nyumba moja ya watawa waliubuni kwa haraka ili kumkirimu askofu mgeni. Hiyo ni hadithi. Kilicho wazi ni viungo vyake: pilipili kavu za aina kadhaa, nyanya, ufuta, karanga au lozi, zabibu kavu, mdalasini, karafuu, mkate mkavu wa mahindi, na mwishoni kipande kidogo cha chokoleti. Michuzi mingi iitwayo mole haina kakao kabisa, na ile iliyo nayo huwa na kidogo sana, kiasi kwamba mlaji asiyeambiwa hawezi kuitambua.

Mpishi wa Nyanda za Juu Kusini akiitazama orodha hiyo hataona ugeni mkubwa. Kuunga mboga kwa karanga zilizokaangwa na kusagwa, au kwa mbegu za maboga, ni kazi ya kila siku. Kanuni ni ileile: mbegu yenye mafuta hukaangwa, husagwa, kisha hutiwa katika mchuzi ili kuufanya uwe mzito na wenye ladha. Kakao ni mbegu nyingine ya kuungia. Tofauti ni kwamba mbegu hii hupitia safari ndefu ya kikemia kabla ya kufika jikoni.

Safari hiyo huanza shambani. Tunda likipasuliwa, mbegu hutolewa pamoja na ute wake mweupe wenye sukari, hurundikwa katika sanduku la mbao au hufunikwa kwa majani ya migomba, na huachwa zichachuke kwa siku tano hadi saba. Kwanza hamira za asili hugeuza sukari ya ute kuwa alkoholi. Kisha bakteria huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki, na kazi hiyo hutoa joto jingi, hata rundo hufikia nyuzijoto 45 hadi 50. Joto na asidi huua kiini cha mbegu. Kuta za seli hubomoka, na vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na protini na sukari. Protini hukatwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Hapo ndipo ladha inapoandaliwa, ingawa bado haijazaliwa. Mbegu isiyochachuliwa, hata ikikaangwa kwa ustadi namna gani, haitatoa harufu ya chokoleti.

Ladha huzaliwa katika kukaanga. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi asidi za amino zinavyoungana na sukari kwa joto na kutoa rangi ya kahawia na harufu nyingi mpya. Ni badiliko lilelile linalotokea katika ganda la mkate, katika kahawa ya Mbozi inapokaangwa, na katika nyama inayogusa sufuria yenye moto kabla ya kutiwa maji. Hapa ndipo ulipo msingi wa kuiweka kakao katika kitoweo: kakao, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha kahawia na nyama iliyobabuliwa zina harufu za ukoo mmoja. Zikikutana hazigombani. Chumvi nayo hupunguza uchungu unaosikika ulimini, wakati utamu wa kitunguu na uchachu wa nyanya hukamilisha mizani. Mtu akitia sukari nyingi ili kuondoa uchungu, atakuwa amepika kinywaji kilichoharibika.

Jambo hili laweza kujaribiwa shuleni kwa gharama ndogo. Mbegu kavu za kakao zikaangwe kwa moto wa wastani, zikigeuzwa bila kukoma, mpaka maganda yaanze kupasuka na harufu kali ya siki ipungue. Kisha zimenywe, zipetwe kwa ungo, na zisagwe katika kinu mpaka ziwe uji mzito. Mchuzi wa maharage wenye kitunguu, nyanya, chumvi na pilipili ugawanywe katika sufuria tatu, lita moja kila moja. Ya kwanza isitiwe kitu. Ya pili itiwe vijiko viwili vya chai vya karanga zilizosagwa, na ya tatu vijiko viwili vya kakao. Kakao ikorogwe kwanza katika maji ya moto kidogo na itiwe dakika kumi za mwisho, kwa sababu chembe zake huzama na kuungua chini ya sufuria. Waonjaji wapewe wali wenye mchuzi wa kila sufuria bila kuambiwa ni upi, na kila mmoja aandike maoni yake kabla ya kusikia ya mwenzake. Bila utaratibu huo, jibu la mwanafunzi wa kwanza huwa jibu la darasa zima.

Unga wa kakao wa dukani unafaa pia, ila mwalimu asome karatasi ya kopo. Unga safi umekamuliwa sehemu ya mafuta yake kwa mbinu aliyoipatia hataza Mholanzi van Houten mwaka 1828. Unga wa kinywaji cha chokoleti, kinyume chake, huweza kuwa sukari zaidi ya kakao.

Jaribio la pili halihitaji hata kuonja. Kakao iliyosagwa ichemshwe katika maji matupu, na karanga vilevile katika chombo kingine, kisha vyote viachwe usiku kucha. Asubuhi mafuta yaliyoelea juu ya kakao yatakuwa yameganda, na yale ya karanga yatakuwa bado majimaji. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, chini kidogo ya joto la mwili, kwa kuwa sehemu kubwa ya asidi zake za mafuta ni zile nyoofu ambazo hupangika pamoja kwa urahisi. Za karanga nyingi zimepinda. Ndiyo maana mchuzi wa kakao huliwa ungali moto. Ukipoa hushika kwenye kaakaa.

Tahadhari moja haina budi kutiliwa mkazo. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola za Marekani 10,000 kwa tani, na bei kama hiyo humshawishi mkulima kuuza kila mbegu nzuri na kubakiza nyumbani zile zilizokataliwa. Mbegu zilizokataliwa kwa sababu ya ukungu hazifai kuliwa. Ukungu wa kakao huweza kuacha sumu, na kukaanga hakutoshi kuiondoa. Sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haikuzuiwa na kupikwa. Mbegu ikatwe kwa kisu katikati: iliyochachuka vema ni ya kahawia na ina mifereji mingi ndani, ya zambarau imechachuka nusu, ya kijivu haikuchachuka na itakuwa chungu mno. Yenye nyuzi za ukungu itupwe pamoja na nyingine zilizokuwa katika fungu hilo.

Mabaki ya mchuzi wa kakao wasipewe mbwa. Mwili wa mbwa huondoa teobromini polepole sana, na kiasi kisichomdhuru mtoto wa shule huweza kumwua mbwa.