Kiinimacho si Sihiri

Ndugu zetu wa Mbwajumali wauliza kama mfanya mazingaombwe achezaye kwa kiingilio ni mchawi. Twawajibu kwa kisa.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Aljeria bingwa wa kiinimacho, Robert-Houdin, ili awazidi masheikh walioaminiwa kuwa na karama. Mtu mwenye nguvu alikiinua kisanduku chake kwa wepesi. Akaambiwa nguvu zake zimeondolewa. Akavuta tena, kisitikisike hata kidogo. Kumbe kitako chake ni chuma, na chini ya jukwaa imefichwa sumaku ya umeme! Hapana jini wala hirizi. Kutojua sumaku si aibu. Kinachotuuma ni kuwa mtawala aliupima ujinga ule, akautumia kama askari. Siri yenyewe Robert-Houdin aliieleza baadaye kitabuni mwake.