Bila Hata Lepe: Vidokezo 8 vya Kuuelewa Usiku Wako

Saa 8 usiku. Jogoo wa jirani asiyejua saa keshawika, mbu mmoja kaingia ndani ya chandarua, nawe unapiga hesabu: nikilala sasa hivi, nitapata saa 3. Kesho yake unasinzia kwenye daladala mpaka unapitilizwa kituo. Tatizo ni kwamba shida za usiku hazifanani, na dawa ya hii si dawa ya ile. Ijue kwanza ya kwako.

1. Usiku mmoja si ugonjwa. Ada ya shule, msiba, hata harusi ya mdogo wako vinaweza kukukesheza. Madaktari huanza kuhesabu kukosa usingizi kuwa maradhi sugu kunapojirudia walau mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3, ilhali nafasi ya kulala unayo. Mama mwenye kichanga hajakosa usingizi. Kakosa nafasi.

2. Usigombane na kitanda. Umejigeuzageuza kama dakika 20? Toka. Kaa sebuleni, taa iwe hafifu, simu iache chumbani, kunja nguo za watoto. Rudi macho yakianza kuwa mazito, na asubuhi amka saa ileile, hata Jumapili. Ukilalia mawazo kila usiku, mwili huzoea kwamba kitandani ni mahali pa kuwazia. Mazoezi ya namna hii ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia ambayo American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani huko Marekani, kilishauri mwaka 2016 itangulie vidonge.

3. Kahawa ihamie mchana. Kashata na kahawa barazani ni raha, hatukatai. Lakini kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Vikombe vya saa 1 jioni vinakungoja kitandani. Chai ya rangi nayo ina kafeini; na kwa kukesheza, mirungi usiseme.

4. Piriton ni ya mafua na mzio, si ya usingizi. Kusinzia ni athari yake tu, na mwili huizoea upesi. Vidonge vya jamii ya Valium ni hatari zaidi: huzoesha, na aliyevizoea asiviache ghafla bila daktari. Pombe nayo hukulaza mapema, kisha ikakuamsha usiku wa manane na kiu.

5. Jinamizi lina maelezo. Umeamka, unaliona pazia, unasikia feni, lakini mkono hauinuki. Kifua kizito, kama kuna mtu kakukalia. Unataka kumwita mama, sauti haitoki. Kilichotokea ni hiki: tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusirushe mateke ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na mabaki ya ndoto yanachanganyika na chumba chako. Hupita kwa sekunde chache, au dakika moja mbili. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, zimwi la usiku, ilipovuma Pemba na Unguja, watu walikesha nje wakiota moto, na wapo watafiti walioihusisha na hali hii. Uchovu, kulala ovyoovyo na kulala chali huliita jinamizi. Jaribu kulala ubavu, na ukikabwa, chezesha kidole kimoja tu cha mguu.

6. Kukoroma si usingizi mnono. Msikilize mwenzako. Anakoroma, ghafla kimya, kisha anashtuka kama aliyekuwa anazama? Huenda njia ya hewa inaziba na pumzi inakatika, mara nyingi kwa usiku mmoja. Mchana atasinzia, hata akiwa kwenye usukani, na presha hupanda. Badala ya kumtania, mpeleke hospitali. Kupunguza uzito husaidia wengi, na ipo mashine ya kusukuma hewa puani.

7. Angalia moyo, si macho tu. Kuamka saa 9 usiku kila siku na huzuni kifuani, chakula hakipiti, hata mpira uliokuwa ukiupenda hauna ladha: ikifika wiki 2, huenda ni sonona. Wengine hulala kupita kiasi badala ya kukosa usingizi. Anzia kituo cha afya cha karibu. Tumezoea kutaniana "nitakupeleka Mirembe", lakini Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja ni hospitali za afya ya akili, na watu hutibiwa wakarudi kazini. Likija wazo la kujidhuru, usisubiri wiki 2: mwambie mtu sasa hivi, na uende hospitali siku hiyohiyo.

8. Nenda na daftari. "Daktari, silali" haimpi pa kuanzia. Kwa wiki 2 andika hivi: Jumanne, nimepanda kitandani saa 4, usingizi umekuja saa 7, kahawa vikombe 3, jinamizi mara moja, nimeamka saa 11. Ukishafika ukurasa wa tatu, huenda ukaona mwenyewe kile ambacho usiku ulikuwa unakificha. Na ukipitilizwa kituo tena, kiandike nacho.