Nukta na Shabaha: Istilahi za Kulenga Bunduki katika Mafunzo ya Walinzi wa Wanyamapori, Taita Taveta

Utangulizi

Mji wa Voi ndio makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki. Kaskazini mwake, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, kuna Manyani, ambako Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huwafunza askari wake. Kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, bunduki yenye darubini katika eneo hili ni zana ya kazi wala si ya starehe. Nyati au simba anapovamia makazi na ikabidi auawe, risasi inayokosea kwa shubiri moja humwacha mnyama aliyejeruhiwa karibu na watu.

Makala haya yanajadili kifaa cha leza kinachotumiwa kulinganisha mtutu na darubini. Hoja yake kuu ni kwamba kazi hii ina hatua mbili tofauti, na kwamba mwalimu anayeifundisha kwa Kiswahili hana budi kuzipa majina mawili.

Hatua ya kwanza: nukta ya leza

Kifaa hiki huwa cha aina mbili. Aina ya kwanza ina umbo la risasi na hutiwa chemba. Ya pili huchomekwa kwenye mdomo wa mtutu. Kabla ya yote, bunduki huondolewa risasi na kukaguliwa. Kisha huegemezwa imara, na leza ikawashwa ili itupe nukta kwenye ubao ulio umbali wa mita 25 hivi. Mlengaji huzungusha vitasa vya darubini hadi msalaba wake ukutane na nukta hiyo. Jua la mchana la Tsavo hufifiza nukta nyekundu. Kwa hiyo kivuli au jioni hufaa zaidi.

Kifaa chenyewe nacho hukaguliwa. Aghalabu kile cha mdomoni huweza kuzungushwa polepole huku bunduki imetulia. Nukta ikichora duara ubaoni, mwale hauko sambamba na tundu la mtutu, na kitovu cha duara hilo ndicho cha kufuatwa.

Ikumbukwe kwamba kosa dogo hukua kadiri masafa yanavyoongezeka. Kosa la sentimita 1 katika mita 25 huwa sentimita 4 katika mita 100, na sentimita 8 katika mita 200.

Hatua ya pili: ushahidi wa risasi

Mwale wa leza husafiri kwa mstari ulionyooka, ilhali risasi huanza kuvutwa chini mara tu itokapo mtutuni. Isitoshe, darubini hukaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, na risasi za uzito tofauti hazianguki sawa. Leza haijui lolote kati ya hayo. Inachoonyesha ni mahali mtutu unakoelekea, si mahali risasi itakapopiga.

Kwa sababu hiyo, mlengaji hufyatua risasi tatu za aina atakayoitumia kazini, kwa masafa ya mita 100, kisha hupima kitovu cha matundu yote matatu. Katika darubini nyingi, mlio mmoja wa kitasa huhamisha pigo kwa takriban milimita 7 katika masafa hayo. Kitovu kikiwa sentimita 7 kushoto, milio 10 ya kuelekea kulia hutosha. Risasi tatu nyingine huthibitisha marekebisho hayo. Faida ya leza ni kwamba risasi za mwanzo hugonga karatasi badala ya kupotelea kichakani.

Historia ya Tsavo ina funzo linalokaribiana na hili. Mwaka 1898, mhandisi J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli katika mto Tsavo, aliwakabili simba wawili waliokuwa wakiwala wafanyakazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 alisimulia kwamba siku moja alibeba bunduki nzito aliyobadilishana na daktari. Simba alipotokea, risasi ya kwanza haikulipuka. Simba hao waliuawa baadaye, Desemba 1898. Kasoro hiyo haikuwa ya darubini, lakini yaonyesha hatari ya kuiamini silaha ambayo mwenye kuibeba hajaijaribu.

Suala la istilahi

Neno shabaha hubeba maana ya kitu kinacholengwa, ustadi wa kulenga na hata kusudi. Upana huo ni utajiri katika ushairi, lakini ni mtego katika mafunzo. Mwanafunzi akiambiwa tu "rekebisha shabaha", anaweza kuridhika nukta na msalaba vinapokutana, akaenda zamu bila kufyatua risasi hata moja ya majaribio.

Inapendekezwa kwamba hatua ya kwanza iitwe kuoanisha mtutu, na ya pili kuthibitisha shabaha. Kitenzi oanisha chadokeza vitu viwili kuwekwa sambamba, na hakidai zaidi ya hapo. Kitenzi thibitisha chadai ushahidi, nao hapa ni tundu kwenye karatasi.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itakuwa na maana uwanjani iwapo istilahi zitatenganisha dhana zinazotengana katika utendaji. Kwa mlinzi wa Tsavo, kuoanisha bila kuthibitisha ni kazi iliyoachwa nusu. Na anayelipia nusu iliyobaki huenda akawa mkulima anayerudi nyumbani jioni.