VPN Yako Ina Kufuli Gani?

Kila muhula naulizwa, "VPN gani nzuri?" Mimi huuliza kwanza: inatumia itifaki gani? VPN ni njia ya faragha ndani ya mtandao wa wote, na itifaki ndiyo kufuli lake. Kufuli likiwa bovu, unatuma nywila ya benki huku ukidhani uko salama. Haya, tuyapime.

PPTP: Ya miaka ya 1990, rahisi kuiseti. Lakini mwaka 2012 Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kuwa MS-CHAPv2, inayohakiki nywila zake, huvunjwa kwa kutafuta ufunguo mmoja wa DES wa biti 56. Mashine maalumu iliumaliza ndani ya siku moja. Ukiiona, achana nayo.

OpenVPN: Ilitoka 2001. Hutumia TLS, ulinzi ule ule wa kurasa za benki. Inaweza kupita TCP mlango 443, wanamopita wavuti wote, kwa hiyo hupenya sehemu nyingi zenye vizuizi. Ubaya wake, ni nzito kidogo.

IKEv2 na IPsec: Ya 2005. Ikiwa na nyongeza iitwayo MOBIKE, ukitoka Wi-Fi ya bweni ukaingia mtandao wa simu, haikatiki. Ila hutegemea UDP milango 500 na 4500, na kuifunga hiyo ni kazi ndogo.

WireGuard: Kazi ya Jason Donenfeld, iliingia kwenye kiini cha Linux mwezi Machi 2020. Ina mistari kama 4,000 tu, yaani mkaguzi mmoja anaweza kuisoma yote. Usimbaji wake, ChaCha20, ni mwepesi hata kwa simu ya bei nafuu. Lakini hupita UDP peke yake.

Basi ushauri wangu: kila siku tumia WireGuard, ukiwa safarini na simu, IKEv2, Wi-Fi ikibana, OpenVPN kwa TCP 443.

Ila jamani, kufuli zuri halimzuii mwenye nyumba. Mwenye seva ya VPN anaona unakokwenda, hivyo ya bure iulize inaishi kwa nini. Na sheria nazo zipo: Tanzania, Oktoba 2023, TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kujiandikisha. Mnaokwenda likizo, ulizeni kwanza.

Masomo mema.